Salamu ya Upande wa Mama

Kila msichana wa bweni letu alikuwa na kijiti chake ukutani, kimechomekwa kwenye udongo wakati ukuta ungali mbichi, cha kutundikia kikapu. Mwenzangu hakukitumia chake. Furushi lake la kaniki alilala amelikumbatia, limefungwa fundo juu ya fundo, na gauni hakulivua. Mimi ndiye niliyepangiwa naye blanketi moja, kwa hiyo fundo lile nalifahamu kwa mbavu zangu. Nikamwambia, "Dada, sasa tunalala watatu humu?" Hakucheka. Aligeuka ukutani na furushi lake.

Majina yote ninayo. Wajukuu hunijaribu, nami nawatajia wasichana wote wa bweni lile kwa mpangilio wa mikeka yao, kuanzia mlangoni, na vijiji vyao, na nani alikuwa anakoroma. Lakini humu siandiki hata jina moja. Wakati ule kulikuwa na majina ambayo yakitajwa mbele ya mtu asiyefaa, mama wa mtu anapotea, na mazoea yale hayajanitoka.

Shule ilikuwa ya misheni, upande wa Njombe, wakati wa Mwingereza. Nyumba za matofali mabichi, paa la nyasi, na baridi ile yetu ambayo ikifika katikati ya mwaka inaacha sakitu nyeupe juu ya majani; ukikanyaga asubuhi yanavunjika kama chumvi ya mawe. Mimi nilitoka Mdandu, nyumbani kwetu. Yeye aliletwa na lori la unga kutoka Makambako. Makambako ya siku zile usiifikirie kama ya leo. Ilikuwa njia panda, na maduka machache ya mabati, na kambi ya watu wanaosubiri malori ya kwenda kukata mkonge. Mama yake aliwapikia hao watu wa malori.

Wazazi wake walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka kwa Mreno, kukimbia kazi ya kulazimishwa, wakapanda na barabara ya Songea mpaka nguvu zilipowaishia Makambako. Hawakuwa na karatasi yoyote. Mama mtu alikuwa na chale usoni, nzuri sana, mistari iliyopangwa kama mshono wa fundi, na uso ule ulimtaja ametoka wapi kabla hajafungua mdomo. Binti yake hakumchanja. Alisema huyu akae hivi hivi, apite. Akamleta kwa mwalimu wetu wa kike, akapitia mlango wa jikoni, akamwachia, akarudi na lori lile lile.

Nafasi za shule zilikuwa chache, na baraza la mtwa, yaani chifu wetu, lilikuwa limesema wazi kwamba ni za watoto wa wenyeji, ambao baba zao wanalipa kodi hapa. Mtoto wa watu wa kupita akigundulika anatolewa. Na akitolewa, wanatafutwa waliomleta. Mwalimu aliyajua hayo yote, akampokea. Alimwambia tu, "Hapa wewe ni mwanafunzi. Mengine niachie mimi."

Mimi niliyajua baadaye, kwenye kuni. Lori lilikuja kuchukua magunia ya viazi, wasichana wote tukakimbilia barabarani kulitazama, maana lori lilikuwa jambo. Nikarudi jikoni kuchukua kata ya maji, nikaona mguu wa mtu unatoka kwenye rundo la kuni. Nikauvuta. Alikuwa yeye, ana majani kichwani, na furushi.

"Unatafuta nini humo? Kuna nyoka."

"Limeondoka?"

"Lori? Linapakia viazi."

Akabaki humo humo. Nami nikakaa kwenye gogo, sikujua la kufanya lingine. Ndipo aliponiambia kwamba baba yake alikamatwa Makambako kwa kukosa stakabadhi ya kodi, akapakiwa kwenye lori na wanaume wengine, na yeye siku hiyo alijificha kwenye kuni za mama yake, akasikia lori linaondoka. Hawakujua alipelekwa wapi. Akasema, "Nikisikia lori tumbo linakuwa maji." Nikamwambia hili ni la viazi. Akasema, "Na lile tulidhani ni la unga."

Basi ndivyo alivyoishi na sisi. Darasani alijua kuliko sisi wote, lakini hakunyoosha mkono, maana anayenyoosha mkono anaangaliwa. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye jani. Mara kwa mara alikwenda kwa mwalimu asubuhi, amejifunga furushi mgongoni, akasema anaaga.

"Unakwenda wapi?" mwalimu anamuuliza.

"Makambako, mwalimu. Kwa miguu."

"Haya. Utakwenda kesho. Leo maharage hayajachambuliwa."

Kesho yake ni majani ya paa, au kuna mtoto mdogo wa darasa la kwanza anaharisha na anahitaji mtu wa kukaa naye. Mwalimu hakumkataza kuondoka hata siku moja. Alimwahirisha. Na alipomaliza kuchambua maharage uso wake ulikuwa umelegea kidogo, akaweza kula. Mpaka leo nikimwona mjukuu amekunja ndita simuulizi kitu, nampa ungo. Wananicheka: "Bibi na maharage yake." Wacheke, lakini wanachambua.

Likizo ilipofika hakuweza kwenda kwao, barabara ya Makambako ilikuwa na askari. Nikamchukua nyumbani.

Hapo nieleze desturi yetu kidogo, kwa wasioijua. Sisi Wabena tukishasalimiana "kamwene", mtu mzima anataka kujua unaitikiwa nini kwenu. Kila ukoo una neno lake la salamu, mtoto analipata kwa baba yake, na kila ukoo una kitu chake usichokula. Ukishataja neno lako mtu anajua wewe ni wa nani, akuite shangazi au akutanie au asikuoe. Ni mambo ya kawaida kabisa. Mama yangu alipomuuliza hakuwa na nia mbaya.

"Kamwene, mwanangu. Karibu. Mnaitikiwaje kwenu?"

Mwenzangu alikuwa amepokea kibuyu cha togwa. Kikamtoka mikononi. Alisimama pale togwa inamtiririka miguuni. Mama akaangalia miguu ile, akaangalia furushi, akaniangalia mimi. Kisha akasema, "Kibuyu chenyewe kilikuwa kimechoka. Njoo unisaidie kusaga ulezi."

Hakumuuliza tena. Walisaga siku kadhaa, wawili hao, mama akiimba nyimbo za kanisani na kuzikosea maneno makusudi ili asahihishwe. Na kweli akaanza kusahihishwa. "Mama, hapo siyo hivyo." "Siyo hivyo? Basi imba wewe." Akaimba. Baba, aliyekuwa nyuma ya nyumba na ulanzi wake, pombe ya mwanzi ambayo wazee wa kanisa hawakutakiwa kuijua, akatoa kichwa kuona ni nani.

Siku moja wageni wakatukaribia njiani, na mwenzangu akaanza kutafuta pa kujificha. Mama akamshika bega. "Sikiliza. Ukiulizwa unaitikiwaje, sema hivi." Akamwambia neno. "Na figo usile. Figo kwetu ni mwiko." Mwenzangu akalirudia lile neno kimya kimya mpaka tulipofika kisimani, kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae.

Ule mwiko aliushika kuliko sisi tuliozaliwa. Nyama ikiiva aligeuza kila kipande, akakinusa. Baba alichinja beberu siku ya kutuaga kurudi shule, na figo tukagawana mimi na baba kama kawaida yetu. Mama na mwenzangu wakakaa pembeni, wakatutazama kwa dharau. Mwenzangu akasema, "Mama, hawa watu wanakula nini?" Mama akasema, "Waache, hao ndivyo walivyo." Tukacheka wote. Hakuna kati yetu aliyeona kitu.

Tuliporudi shuleni nilimkuta siku moja ametundika kikapu kwenye kijiti chake. Furushi bado alilala nalo, ila gauni alikuwa anavua.

Kisha akaja jumbe mzee wa upande wetu, pamoja na karani wa baraza. Ilisikika kwamba shule ina watoto wa watu wa kupita. Karani alikuwa kijana wa soksi ndefu, kalamu mfukoni. Jumbe alikuwa mzee wa blanketi begani, anatembea taratibu. Wakakalishwa kwenye viti vya mwalimu mbele ya darasa, na sisi tukaitwa mmoja mmoja kutoa salamu. Jumbe hakuhitaji karatasi. Unasema kamwene, unataja neno la ukoo, yeye anasema, "Ahaa, wewe mjukuu wa yule mwenye ng'ombe kilema," na kweli babu yako alikuwa na ng'ombe kilema.

Zamu yangu ikafika. Nikataja neno. Akanitambua vizuri, akanituma nimsalimie baba.

Zamu ya mwenzangu. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, vidole vyake vimeshika kizingiti. Mwenzangu akapiga goti vizuri kabisa, akasema kamwene, akataja neno lake bila kutetereka, akaongeza bila kuulizwa, "Na figo hatuli." Nilitaka kupiga makofi.

"Nyumbani ni wapi?" jumbe akauliza.

"Mdandu. Nyumba moja na yule," akaninyooshea mimi kidole.

Karani akainua kichwa. "Na yule?"

"Ndugu yangu."

"Baba mmoja?"

"Ndiyo."

 Msichana wa nyuma akacheka puu, akajiziba mdomo, na hapo hapo mimi nikaelewa. Mimi nilikuwa nimetaja ukoo wa baba. Yeye alitaja ukoo wa mama, wa kwa babu yangu mzaa mama. Mama alimpa neno lake mwenyewe! Zile figo tulizogawana na baba, zilikuwa zinatuambia jambo hilo mchana kweupe, na sisi tukacheka.

"Baba mmoja, koo mbili," karani akasema, anafurahi kama aliyenasa ndege. "Mmoja hapa anadanganya."

Jumbe akanyoosha mkono kumtuliza. Alimtazama mwenzangu muda mrefu. "Aitwe mama yao," akasema. "Nitalala hapa kwa mwalimu."

Alasiri ile mwenzangu alifunga furushi. Hakulia. Alinipa sabuni yake, kipande, akasema, "Wakimkamata mama yako ni kwa ajili yangu." Akaenda kwa mwalimu kuaga, mimi nyuma yake.

Mwalimu alikuwa amechoka siku hiyo, macho mekundu. Akasema, "Utakwenda kesho."

"Mwalimu, kesho watakuwa wamenitoa."

"Basi wakutoe wao. Wewe usijitoe." Akavuta ungo. Maharage yalikuwa yameshachambuliwa yote tangu jana, safi, wala jiwe hakuna. Akayamwaga yale yale. Tukakaa watatu, tukachambua maharage yasiyo na taka.

Mama alifika siku ya pili na baba nyuma yake, wameloa umande. Mama alikuwa ameambiwa njiani na aliyemwita. Alikuwa amevaa kanga zake za kanisani. Nataka ujue kwamba mama yangu alikuwa mtu wa kipaimara, alikaa benchi la mbele la akina mama, alifundisha wengine nyimbo. Jina lake zuri alikuwa amelijenga kama mtu anavyojenga ghala.

Jumbe akamsalimia kwa heshima, kisha akasema mbele ya wote, "Mama, binti huyu anaitikiwa kwa ukoo wa kwenu, si wa mumeo. Wewe ni Mbena, unajua. Mtoto anachukua salamu ya upande wa mama kwa sababu moja tu: amezaliwa nyumbani kwa babu, kabla mama hajaolewa. Sasa nakuuliza. Huyu ni mtoto wako wa nyumbani?"

Mwenzangu alikuwa mkubwa kwangu kidogo, kwa hiyo miaka ilikubali. Na kama si hivyo, basi ni mtoto wa watu wa kupita, na kitakachofuata kila mtu alikijua. Mama aliangalia furushi lile kifuani. Aliangalia fundo.

"Ni wangu," akasema. "Wa nyumbani."

"Kabla ya ndoa?" karani akadakia.

"Nimeshajibu, mwanangu. Au unataka nikuchoree ubaoni?"

Wasichana tukapasuka kwa kicheko, mwalimu akageukia dirisha, mabega yanamtikisika. Karani akaona aibu, akamgeukia baba. "Na wewe mzee, ulijua?"

Baba alikohoa. Akavua kofia, akaivaa. "Mimi nilipooa nilipokea kila kilichokuja," akasema. "Siwezi kuanza kurudisha leo."

Jumbe akamwita mwenzangu amkaribie, akamsimamisha kando ya mama. Sasa, mama yangu alikuwa mfupi, mweupe, mnene wa mikono. Mwenzangu alikuwa mrefu, mweusi tii, kama mwanzi. Jumbe akawapima juu mpaka chini.

"Kweli mmefanana," akasema. "Hasa vidole. Karani, twende, huyu ni mtoto wa mwenyeji."

Alijua au hakujua? Nimejiuliza maisha yangu yote. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia mwenzangu, "Figo, ee? Usisahau." Akaenda zake na blanketi lake.

Njiani, tukiwasindikiza wazazi wangu, baba alitembea mbele mpaka mtoni. Kisha akasema, "Mama nanihii, mbona hukuniambia tuna mkubwa? Ningepunguza kelele nyumbani." Mama akamrushia kikapu. Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye majani, watu wazima wale.

Mimi nilimuuliza mama kwa nini hakumpa tu neno la baba, yote haya yasingetokea. Alinishangaa.

"La baba yako si langu. Nitagawaje kitu cha watu? Mtoto alikuwa hana, nikampa nililokuwa nalo."

Wazee wa kanisa hawakucheka. Neno lilifika kabla ya Jumapili. Mama aliitwa, akaulizwa, akajibu vile vile, na akatengwa: asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka wakati wa toba uishe. Angeweza kusema ukweli ndani ya chumba kile. Hakusema. Alirudi nyumbani akasema benchi la nyuma lina upepo mzuri.

Mama mtu wa Makambako alizipata habari kwa watu wa lori. Akatuma kikapu cha karanga, ambazo huku kwetu kwenye baridi hazistawi, na salamu kwa mama yangu kwa mdomo wa dereva: "Mwambie mwenzangu nimesikia ametusaidia kuzaa." Mama aliukariri ujumbe ule kwa kila aliyekula karanga, bila kueleza maana yake.

Jumapili ya kwanza ya likizo mama alikuwa bado anakaa nyuma, na kanisa la Mdandu limejaa. Sisi wasichana wa shule tulikuwa na mahali petu mbele, kwenye kwaya. Tukaingia kwa mstari. Nikageuka kumpa mwenzangu nafasi, simwoni. Alikuwa ameshika njia ya nyuma, katikati ya kanisa, anatembea mbele ya macho ya watu wote, yule ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Wanawake waligeuza shingo. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndiye huyo." Akapita. Akakaa karibu na mama, bega kwa bega, kwenye benchi lile lisilo na mwingine.

Katikati ya wimbo lori likapita barabarani. Nililisikia mimi kwanza, kwa mazoea ya kumsikilizia, likinguruma mlimani, likipunguza mwendo karibu na kanisa. Tumbo langu ndilo lililokuwa maji. Nikageuka.

Alikuwa anaimba. Mama alikuwa amekosea maneno, sijui makusudi au kweli, na yeye alikuwa amemsogezea kitabu, anamwonyesha mstari kwa kidole. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kitabu. Furushi alikuwa ameliacha nyumbani kwetu, limetundikwa kwenye kijiti cha ukutani.